Ukuta ni wa Nani? Kompyuta Inapopotea Ndani ya Ubongo wa Mtoto

Na Mwandishi Wetu, Unguja

MGENI anayeingia Mji Mkongwe kwa mara ya kwanza hupotea. Hutokea Darajani, akakunja kushoto, akakunja kulia, akapita baraza mbili tatu, kisha akajikuta amerudi pale pale alipoanzia, au ameibukia Forodhani ilhali alikuwa akienda Malindi. Hapati dhara. Mzee aliyekaa barazani na kikombe chake cha kahawa atamwelekeza, na wahenga walishasema kupotea njia ndiyo kujua njia.

Upo upotevu wa namna nyingine. Mtu hakutia mguu kichochoroni hata mara moja. Kautazama mji kutoka angani, kachora ramani yake, na pale nyumba mbili zilipoegemeana hadi paa zikagusana, kaandika nyumba moja. Huyu hajui kwamba kapotea, kwa hiyo hana wa kumuuliza njia.

Visiwa vyetu vimeijaribu kazi hiyo ya kutazama kutoka angani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia walianza kurusha droni kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani mpya. Miaka miwili baadaye picha hizo zikawa uwanja wa shindano: watengeneza programu waifunze kompyuta kutambua kila jengo, na kueleza kama limekamilika, linaendelea kujengwa, au ni msingi mtupu. Nyumba iliyo peke yake katikati ya minazi haimsumbui mtu. Taabu huanza bati linapolalia bati na ukuta mmoja ukabeba nyumba mbili. Ili kompyuta ijue wapi pa kukata, ilihitaji kwanza mifano ya mipaka iliyochorwa na binadamu kwa mkono, jengo baada ya jengo.

Kazi ya namna hiyo hiyo, yenye taabu hiyo hiyo, hufanywa leo ndani ya vichwa vya watoto. Badala ya droni ipo mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, na badala ya paa na vichochoro ipo mikunjo ya ubongo. Kompyuta huambiwa ifuate kila ukuta na kuchora sura kamili ya uso wa ubongo, kisha watafiti hupima unene, eneo na umbo lake. Kwa mtu mzima aliyetulia, kazi hutoka vizuri mara nyingi. Kwa mtoto, kompyuta hupotea zaidi, na hupotea bila kusema.

Kanga ndani ya kifuu

Ubongo una gamba la nje la rangi ya kijivu, lililojaa chembe za neva. Unene wake kwa wastani ni kama milimita 2.5. Gamba la mtu mzima likitandazwa lote, litakaribia ukubwa wa kitambaa cha mkononi cha sentimita 45 kwa 45. Kwa kuwa fuvu halina nafasi ya kutandaza kitu, gamba limekunjwakunjwa mfano wa kanga iliyosokomezwa ndani ya kifuu cha nazi, na sehemu yake kubwa imejificha ndani ya mikunjo. Chini yake iko sehemu nyeupe, yaani nyaya zinazounganisha mtaa huu wa ubongo na ule.

MRI haitoi picha ya kanga hiyo. Hutoa picha vipande vipande, kama mkate wa boflo uliokatwa, na kila kipande kimegawika katika vijichembe vya mchemraba, mara nyingi vya milimita 1 kila upande. Kila kijichembe kina namba moja tu, nayo ni kiasi cha mng'ao wake. Kwa hiyo kompyuta haioni ubongo, inaona mamilioni ya namba. Na hebu mtu atazame uwiano: gamba la milimita 2.5 linapimwa kwa rula yenye alama za milimita 1. Kijichembe kilichokaa mpakani, nusu kijivu nusu nyeupe, hubeba namba ya katikati isiyo ya huku wala ya kule.

Programu inayotumika sana kwa kazi hii inaitwa FreeSurfer. Ilizaliwa Boston, Marekani, na misingi yake ilielezwa mwaka 1999 katika makala mbili za Anders Dale, Bruce Fischl na Martin Sereno. Hutolewa bure, na ndiyo maana imeenea vyuo vikuu duniani kote. Mtafiti huiachia picha jioni, asubuhi akakuta kazi imekwisha. Usiku kucha programu imelinganisha mng'ao, imemenya fuvu kama mtu anavyomenya danzi, imeitafuta sehemu nyeupe na kuufunika mpaka wake kwa wavu wa pembetatu ndogondogo, zaidi ya laki moja kwa kila nusu ya ubongo. Kisha imeusukuma wavu huo kwenda nje taratibu hadi ukingo wa gamba. Umbali kati ya mahali wavu ulipoanza na ulipoishia ndio unene wa gamba.

Hapa ndipo penye mtego ambao mwenyeji wa mji wa mawe anaweza kuuelewa haraka kuliko mhandisi. Lamu na miji mingine ya pwani yetu ina kitu kinaitwa wikio: chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kikaunganisha nyumba ya upande huu na ya upande wa pili. Gamba la ubongo halina wikio. Kila nusu yake ni shuka moja, isiyo na daraja wala tundu. Lakini mikunjo miwili ikibanana sana, maji membamba yaliyo baina yao hayaonekani katika picha, na kompyuta huiunganisha mikunjo hiyo. Hapo huwa imejenga wikio ambalo Mungu hakuliweka. Programu ina hatua maalumu ya kuyasaka madaraja hayo ya uongo, ila ikilipata moja hulazimika kukisia. Je, hili ni daraja la kubomoa, au ni ukuta halali uliotoboka unaotaka kuzibwa? Ikikisia vibaya, hubomoa ukuta wa mtu.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Zipo sababu tatu zinazoifanya kazi hii iwe ngumu zaidi kwa mtoto.

Ya kwanza ni rangi. Nyaya za ubongo huvikwa ganda la mafuta kadiri mtoto anavyokua, mfano wa waya wa umeme unavyovikwa mpira. Katika picha ya kawaida ya MRI ya mtu mzima, sehemu nyeupe hung'aa kuliko ya kijivu. Kwa mtoto mchanga mambo yamepinduka: nyaya hazijavikwa bado, na sehemu nyeupe ndiyo yenye giza. Katikati ya mwaka wa kwanza, kwenye miezi sita hadi minane hivi, rangi hizo mbili hupishana, na ukifika wakati huo mpaka unakaribia kutoweka machoni. Programu iliyofunzwa kwamba kinachong'aa ndicho cheupe itaisoma nyumba hiyo ndani nje.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliandaa mashindano mawili, mwaka 2017 na 2019, kwa ajili ya picha za watoto wa umri huo mgumu wa miezi sita. Katika shindano la pili programu zilipewa picha kutoka vituo ambavyo hazikuwahi kuviona, na ufanisi wake ukashuka. Zilichokuwa zimejifunza kilikuwa, kwa sehemu, tabia za mashine moja. Mwaka 2020 ikatolewa FreeSurfer ya watoto wachanga, kwa umri wa kuzaliwa hadi miaka miwili, na hiyo ni hatua ya kweli. Lakini mafuta hayaachi kutanda mtoto anapotimiza miaka miwili. Yanaendelea hadi utu uzima, na yanavyopanda kuelekea kwenye gamba, mpaka unaoonekana katika picha nao husogea. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa sehemu ya kile kilichokuwa kikiitwa kukonda kwa gamba la kuonea wakati wa utoto inaambatana na ongezeko la mafuta hayo. Ukuta haukupungua. Chokaa ndiyo iliyopanda.

Ya pili ni utulivu. Picha nzuri ya ubongo huchukua dakika kadhaa, na mtu anatakiwa asisogeze kichwa hata milimita moja, ndani ya bomba jembamba linalogonga kama karakana. Mtu mzima huvumilia. Mtoto wa miaka mitano aliyeamshwa alfajiri kwa ajili ya safari hawezi kuahidi hivyo, na aliyeahidi anaweza kukohoa. Kwa wachanga ipo njia isiyotumia dawa ambayo mama wa Unguja hahitaji kufundishwa: mtoto hunyonyeshwa akashiba, akaviringishwa vizuri, akalala, ndipo akaingizwa. Kinachobaki ni kuhakikisha hakuna hirizi yenye kijaluba cha bati shingoni, wala pini iliyosahauliwa kwenye nguo, maana sumaku haina adabu na chuma. Dawa ya usingizi ni njia ya mwisho, kwani inahitaji mtaalamu wake na vifaa vyake, na ina hatari zake.

Ya tatu ni kigezo. Kompyuta haianzi safari mikono mitupu, huanza na ramani ya ubongo wa mfano na kujaribu kuulazimisha ubongo mpya ulingane nao. Moja ya ramani mashuhuri, ya Talairach na Tournoux ya mwaka 1988, ilitokana na ubongo wa mtu mmoja, mwanamke wa Kifaransa wa miaka 60. Ramani ya mitaa 34 ya kila nusu ya ubongo, inayotumika sana ndani ya FreeSurfer tangu mwaka 2006, ilijengwa kwa picha 40 za watu wazima. Mtoto wa Kizimkazi anapimwa kwa kuulizwa amefananaje na watu hao.

Kosa linalovaa sura ya maradhi

Msomaji anaweza kusema: kila kipimo kina kosa lake, na makosa yakiwa mengi hufutana, huyu kazidishiwa, yule kapunguziwa. Ingekuwa hivyo, makala hii isingeandikwa. Makosa ya mashine hii kwa watoto huelekea upande mmoja.

Mwaka 2015 Martin Reuter na wenzake wa Boston waliwapiga picha watu wazima wenye afya, kisha wakawapiga tena huku wakisogeza vichwa makusudi. Ubongo ni ule ule, siku ni ile ile, lakini katika picha za kutikisika kompyuta iliripoti gamba jembamba zaidi na kiasi kidogo zaidi cha sehemu ya kijivu. Sasa tujiulize ni mtoto gani anayetikisika zaidi. Ni mdogo kuliko wenzake, au ni yule asiyetulia kwa tabia, au mgonjwa mwenye maumivu. Mtafiti akilinganisha kundi la watoto wenye maradhi fulani na kundi la watoto wenye afya, anaweza kukuta wagonjwa wana gamba jembamba, akaandika kwamba maradhi hula ubongo, kumbe alichopima ni kutotulia kwao. Takwimu zake zitakuwa safi kabisa. Watoto wakiongezwa, kosa halipungui, huimarika tu.

Mwaka 2016 kundi la Simon Ducharme, nchini Kanada, lilirudi kwenye hifadhi kubwa ya picha za watoto na vijana wenye afya wa Marekani na kuuliza jinsi gamba linavyobadilika kadiri miaka inavyokwenda. Picha mbovu zilipoachwa ndani, mistari ya ukuaji ilipanda na kushuka, ikatoa hadithi ya kuvutia ya gamba linalonenepa kisha likakonda. Zilipochujwa kwa ukali, hadithi hiyo ilikwisha, na mahali pengi ukabaki mteremko ulionyooka. Kilele kilikuwa kimejengwa na picha mbovu, hasa za watoto wadogo.

Na si picha peke yake. Mwaka 2012 Ed Gronenschild na wenzake, Uholanzi, walichukua picha zile zile wakazipitisha katika matoleo tofauti ya FreeSurfer, na kwenye kompyuta zenye mifumo tofauti. Majibu hayakulingana. Kati ya toleo na toleo, ujazo wa sehemu za ubongo ulitofautiana kwa wastani wa karibu asilimia 9, na unene wa gamba kwa karibu asilimia 3. Mabadiliko ya kweli katika gamba la mtoto kwa mwaka mmoja yanaweza kuwa madogo kuliko hapo. Mtafiti aliyebadilisha kompyuta katikati ya utafiti anaweza kuwakuzia watoto ubongo, au kuwapunguzia, kwa kubonyeza kitufe tu.

Baya zaidi ni kwamba mchoro uliokosewa hauonekani umekosewa. Wavu uko pale, umekunjika vizuri, una rangi, unazunguka kwenye kioo cha kompyuta kama kitu cha kweli, na jedwali lake lina tarakimu tatu baada ya nukta. Mzee wa barazani akiwa hajui njia husema, "Hapo sipajui, mwanangu, muulize yule." Programu hujaza pengo na kuendelea.

Kutoka Mnazi Mmoja hadi Mbarara

Yanatuhusu nini haya hapa Unguja? Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyowahi kuitwa V. I. Lenin baada ya Mapinduzi, tangu mwaka 2014 ina kitengo cha upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu kilichoanzishwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Valencia, Hispania, chini ya daktari José Piquer. Miongoni mwa wanaohitaji huduma hiyo ni watoto tunaowaita wa kichwa kikubwa na mgongo wazi. Katika kichwa kikubwa, maji ya ubongo hayapati njia ya kutoka, yakajaa vyumba vya ndani na kuusukuma ubongo kwenye fuvu. Daktari ama huweka mpira wa kuyapeleka maji tumboni, ama huingiza kamera nyembamba na kuyafungulia njia humo humo ndani. Piquer na mwenzake wa Nairobi, Mahmood Qureshi, ni miongoni mwa walioeneza mafunzo ya njia hiyo ya pili katika kanda yetu kwa kuzungusha vifaa vya kubebeka kutoka hospitali moja hadi nyingine.

Tuseme kweli: daktari wa zamu hahitaji wavu wa pembetatu laki moja kujua kwamba kichwa cha mtoto kimejaa maji. Ana futi ya kupimia kichwa, ana utosi ulio wazi wa kupitishia mawimbi ya sauti, ana mashine ya CT ya kupiga picha kwa eksirei. Lakini swali lililo kubwa kuliko upasuaji ni hili: baada ya maji kutoka, ubongo unakua? Njia ipi ya matibabu inaupa nafasi zaidi? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa jicho. Linahitaji kipimo.

Waliolishughulikia kwa dhati wako Uganda. Katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, watoto wachanga 100 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa mpira, wengine njia ya kamera, na matokeo yakachapishwa mwishoni mwa 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti kubwa kati ya makundi mawili, si katika ukuaji wa akili, si katika ujazo wa ubongo. Kwa hospitali ambazo mpira ukiziba mgonjwa yuko mbali na msaada, jibu hilo lina uzito mkubwa, maana linampa daktari ruhusa ya kuchagua njia isiyoacha kifaa mwilini. Sasa fikiri kipimo cha ujazo kingekuwa na kosa la kuelekea upande mmoja. Na hawa ndio watoto ambao programu za kawaida huwapoteza kabisa: vyumba vya maji vimepanuka kupita kigezo chochote, gamba limebanwa likawa jembamba, mitaa imehama. Ndiyo maana Steven Schiff na wenzake, waliofanya kazi na Mbale, ilibidi wabuni njia zao wenyewe za kutenga ubongo na maji katika picha za CT.

Kusini magharibi mwa Uganda, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilipiga hatua nyingine. Mwaka 2022 timu ya Johnes Obungoloch, pamoja na wenzao wa Leiden, Uholanzi, iliunganisha pale pale chuoni mashine ya MRI iliyofika ikiwa vipande, yenye sumaku ndogondogo nyingi zilizopangwa kwa duara. Nguvu yake ni militesla 50, wakati mashine za hospitali kubwa zina tesla 1.5 au 3, yaani mara 30 hadi 60 zaidi. Haihitaji umeme mwingi wala chumba cha gharama. Ipo pia mashine ndogo ya kiwandani, ya militesla 64, inayosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida, na tayari imetumika kuchunguza ukuaji wa ubongo wa watoto Malawi na Afrika Kusini. Kisiwa ambacho familia nyingi zimezoea kuvuka bahari na mgonjwa kutafuta kipimo hakiwezi kuipuuza teknolojia hiyo.

Bei ya urahisi huo ni ukungu. Picha za sumaku dhaifu zina vijichembe vikubwa na mipaka iliyofifia, hivyo wataalamu wameanza kuzisafisha kwa akili unde, wakichukua picha hafifu na kuigeuza iwe kali. Mwaka 2021 kundi la Schiff lilipima ubora na hatari ya jambo hilo kwa picha za CT za watoto wenye kichwa kikubwa. Walizififisha makusudi, wakazisafisha kwa akili unde, kisha wakawauliza wataalamu kama wangeweza kupanga matibabu kwa picha hizo. Picha zilizosafishwa zilipendwa zaidi, lakini baadhi zilikuwa na maumbo yasiyokuwepo katika picha ya asili. Picha hafifu ya asili hukiri udhaifu wake, kwa kuwa kila mtu anauona ukungu. Iliyosafishwa imeufuta ukungu pamoja na onyo lake.

Dar es Salaam nako watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa London, wamepima ujazo wa ubongo wa watoto wa Kitanzania wenye selimundu, maradhi yanayoweza kuacha makovu madogo ya kiharusi kisichoonekana nje. Kovu la namna hiyo katika sehemu nyeupe huwa na giza katika picha, na programu inaweza kulidhania ni sehemu ya kijivu. Mahali palipougua panahesabiwa kuwa gamba.

Kadi ya kliniki ya ubongo

Kila mama aliyezaa hapa anaijua kadi ya kliniki, ile yenye mistari ya uzito. Mtoto akishuka chini ya mstari, muuguzi huuliza maswali. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha kadi ya namna hiyo kwa ajili ya ubongo, iliyotokana na picha zaidi ya 120,000 za watu zaidi ya 100,000, tangu tumboni hadi miaka 100. Ni kazi kubwa, na wenyewe walioifanya walikiri kwamba wengi wa watu hao ni wa Ulaya na Amerika Kaskazini, na kwamba kadi haijawa tayari kumpima mtoto mmoja mmoja kliniki.

Siku itafika mtu atataka kuitumia hivyo. Mtoto wa Makunduchi atapigwa picha, programu itachora wavu wake, namba itawekwa juu ya mistari, na itaangukia chini. Kabla hajaitwa mgonjwa, kuna maswali ya kuulizwa. Alitulia? Picha ni ya mashine gani, na toleo gani la programu? Mistari ile ni ya watoto wa wapi? Na swali la kwanza kuliko yote: yuko mtu aliyeutazama mchoro, kipande kwa kipande, akaona umefuata ukuta?

Dawa ya tatizo hili inajulikana, na haina mvuto wa kuvutia wafadhili. Mtu hukaa mbele ya kompyuta, akaifungua picha na mistari juu yake, mmoja wa mpaka wa sehemu nyeupe, mwingine wa ukingo wa gamba. Hupitia vipande zaidi ya mia. Pale mstari uliporuka mfereji huurudisha, pale ulipobeba utando wa fuvu huukata. Picha isiyotengenezeka huiweka kando na kuandika kwa nini. Hata kuweka kando kuna gharama yake, kwa sababu ukiwatupa wote waliotikisika unabaki na watoto watulivu, na hao si watoto wote wa Unguja. Mtu huyo hahitaji kuwa profesa. Anahitaji kufundishwa kuujua ubongo wa mtoto, kulipwa, na kuwa na mwenzake anayekagua kazi yake. Tukinunua mashine bila kumwandaa yeye, tutakuwa tumenunua kiwanda cha namba.

Katika kila shehia yupo sheha. Karatasi ya ofisini ikionyesha nyumba moja mahali zilipo mbili, yeye ndiye anayejua kwamba mlango wa pili uko upande wa nyuma, kwa Bibi fulani, na kwamba ukuta huu ni wa marehemu babu yao wote. Humpeleka mwenye karatasi hadi mlangoni, wakapiga hodi. Ndani ya ubongo hakuna mlango wa kubisha wala mwenyeji wa kuitikia, na mtoto mwenyewe hajui gamba lake lina milimita ngapi. Kompyuta imechora usiku kucha, asubuhi imekwenda kupoa. Mwenye zamu avute kiti, aanze kipande cha kwanza, aulizie kila ukuta ni wa nani.